Mkaaji wa Kiti cha Nyuma

Jina la nchi yetu sitalitaja, na msidhani ni woga. Jina lilikodishwa kwa kampuni ya maji ya chupa mwaka ule wa mdororo, na mkataba unasema raia akilitamka bila kununua chupa ana kesi ya kujibu. Mimi ni raia mtiifu. Nitasema "nchi yetu", na mwenye masikio atajua ni ipi.

Naitwa Mtoro Kiondo, wa Mtaa wa Makaa. Kazi yangu ilikuwa kuwamba makochi, lakini sikujulikana kwa makochi. Nilijulikana kwa salamu. Kutoka mlangoni kwangu hadi dukani ni karibu sana, ila mimi nikitumwa chumvi, mchuzi uliiva ukapoa kabla sijarudi. Siwezi kumpita mtu. Nitamwuliza habari za nyumbani, za kazi, za mgonjwa wake wa mguu, za mbuzi aliyezaa. Mke wangu, Siwema, alikuwa akisema, "Baba Subira, wewe siku ukifa watachelewa kukuzika, maana utataka kwanza uwaamkie wote waliokuja." Subira ni binti yetu. Ameolewa mbali, mkoa wa mwisho kabisa kwenye ramani, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili. Wawili na mtaa mzima.

Basi, mdororo ukaja. Kiwanda cha sabuni kikafungwa, cha baiskeli kikafungwa, cha viberiti kikabaki kinatoa vijiti visivyo na vichwa. Hakuna aliyeleta kochi kuwambwa. Watu walikuwa wanayachoma makochi kupikia. Siwema aliuza vitumbua pale kwenye kipilefti cha Mnara wa Ustawi, akawa anavipunguza, anavipunguza, mpaka mteja mmoja akamwuliza vimezwe kabla ya chakula au baada.

Tulipoanza kunung'unika, Serikali yetu sikivu ikatuita uwanjani. Akasimama Waziri wa Ustawi na Mwonekano, Mheshimiwa Dakta Zongo Mwinyipembe, mtu mwenye sauti ya kunyoosha nguo.

"Ndugu wananchi," akasema, "wapo wanaosema uchumi umeanguka. Mimi nauliza: kitu kizito kama uchumi kikianguka, tusingesikia kishindo? Nani hapa amesikia kishindo?"

Hatukuwa tumekisikia.

"Basi uchumi haujaanguka," akasema. "Umehama makazi."

Akafunua chati kubwa kama jamvi la msikitini. Mstari wa sabuni ulikuwa umelala chini. Wa unga umelala. Wa magari ya kawaida umelala kifudifudi. Mstari mmoja tu, wa dhahabu, ulikuwa unapanda kama mtu anayekimbia deni: ulikuwa mstari wa faida ya Adhama. Adhama ni gari la kifahari linalotengenezwa ng'ambo, refu, jeusi, lenye viti vya ngozi laini kuliko shavu la mtoto. Waziri akatueleza sayansi yake. Mwenye gari la kawaida akibanwa, huliuza. Mwenye kununua Adhama habanwi; yeye akisikia pesa itashuka thamani, huigeuza gari kabla haijaoza. Kwa hiyo kadiri wengi wanavyokosa unga, ndivyo wachache wanavyonunua Adhama, na gari moja lina faida ya mabasi arobaini. "Taifa lolote lenye akili," akasema, "hufuata mstari unaopanda. Kuanzia leo, chati ya Adhama ndiyo chati ya taifa."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka, maana ni faraja kujua kwamba kitu chako hakijafa, kimehama tu.

Ila mstari hauwezi kupanda wenyewe. Serikali ikaamua kuusaidia kwa kununua Adhama nyingi yenyewe. Pesa za chaki zikapumzishwa, za dawa zikapumzishwa, za lami zikapumzishwa ingawa zilikuwa zimelala siku nyingi. Magari yakashuka bandarini yakimetameta. Ndipo likagunduliwa jambo dogo ambalo wataalamu hawakuliwaza: hapakuwa na wa kuyapanda. Matajiri walikuwa wameshapeleka pesa zao ng'ambo, na wenyewe wakazifuata wasije wakazikumbuka. Adhama zikawa zinazunguka mjini tupu, dereva mbele na hewa nyuma. Wawekezaji waliokuja kututembelea wakaanza kuulizana, mbona ustawi wa watu hawa hauna watu?

Hivyo ndivyo Wizara ilivyoanzisha kada ya Wakaaji wa Kiti cha Nyuma, na hivyo ndivyo nilivyopata ajira.

Waliniajiri kwa shingo. Mdororo ulikuwa umekausha shingo za watu wengi, lakini yangu ina mikunjo mitatu kwa nyuma, na haikupungua hata nilipokuwa nashindia muhogo. Daktari wa Wizara aliibonyeza kwa kidole akaangalia inavyorudi.

"Hii ni ya kula au ya kuzaliwa?"

"Ya marehemu baba, Daktari."

"Alikuwa tajiri?"

"Alikuwa mchimba visima."

"Haidhuru," akasema. "Kwa nyuma haionekani."

Nikasomewa masharti. Kioo kiwe nusu. Kidevu juu, macho mbele. Mkaaji hashuki garini mbele za watu. Mkaaji halali kwake, maana tajiri akionekana anaingia Mtaa wa Makaa kwa miguu, chati inaumia. Atalala gereji ya Wizara. Mshahara wote utalipwa kwa mkupuo siku uchumi utakapofufuka. Atakayeondoka kazini, kwa sababu yoyote ile, atalipa fidia ya mbonyeo, yaani lile bonde ambalo makalio yake yameliacha kwenye ngozi ya kiti. Na la mwisho: hakuna salamu.

"Hata ya mkono?" nikauliza.

"Hata ya nyusi," akasema msomaji. "Utafiti umeonyesha kwamba tajiri akimwamkia mtu, yule mtu humwomba lifti. Hapo thamani ya gari inashuka."

Nilipomwambia Siwema, alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Wewe? Wewe usisalimie watu?" Akafuta machozi kwa upindo wa kanga yake. Nikamweleza kwamba ni kwa muda tu, na kwamba uchumi ukifufuka nitarudi na mshahara wote, tutapaka nyumba chokaa, tutakwenda kumtazama Subira. Pale kipilefti tutapita mara nyingi kila siku, nitakuwa namwona.

Kicheko kikamwisha. "Kwa hiyo utakuwa unanipita, Baba Subira."

"Gari ndilo litakalopita, si mimi."

"Haya," akasema. Mke wangu akisema haya, mambo hayajaisha.

Dereva wangu aliitwa Lugendo, mtu mkimya mwenye kofia iliyomzidi kichwa. Siku ya kwanza tulipoingia kipilefti, mtaa wangu wote ulikuwepo: Mama Mashavu jirani yetu na karai lake la nyanya, Mzee Sumbuko kinyozi, vijana wa kusukuma mikokoteni. "Jamani, si Kiondo yule? Kiondo! Mtoro! Habari za asubuhi?" Nilitazama mbele. Ulimi ulinipigapiga ndani ya meno kama kuku aliyefungiwa kikapuni. Mzee Sumbuko alikuwa amepunga taulo lake. Akalishusha taratibu, akajipangusa nalo uso.

Siwema hakuniita. Gari lilipokaribia, aligeuka akanipa mgongo.

Watu waliona amenisusa. Mimi niliona kanga. Na mwenye kujua kanga anajua kwamba jina lake husomwa kwa nyuma; mtu anayetaka uisome ya kwake lazima akupe mgongo. Masharti yalisema macho mbele, ila yalisahau jicho la pembeni. Nikasoma: *Sisi sote abiria, dereva ni Mungu.* Kicheko kilinishika tumboni, mabega yakatikisika, Lugendo akadhani gari lina hitilafu, akasimama kukagua injini.

Siwema alikuwa na sanduku la kanga, kila moja na kazi yake. Kuna wakati alikuwa hasemi na Mama Mashavu kwa sababu ya kuku aliyekula mchele uliokuwa umeanikwa, na ugomvi mzima, tangu kuanza mpaka kupatana, uliendeshwa kwa kanga bila neno hata moja kutamkwa. Kwa hiyo sikushangaa. Kesho yake alivaa *Kawia ufike*, doti nzima, moja kiunoni na moja mabegani, na nikajua amenisamehe. Akaendelea hivyo. Akinikasirikia nilisoma. Akinikumbuka nilisoma. Siku mvua iliponyesha alivaa *Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki*, akasimama imelowa mgongoni mpaka gari likapita. Nami nilikuwa na nini cha kumjibu? Kioo nusu, kidevu juu. Mtu anakusemesha kila siku, na wewe huna hata nyusi.

Halafu kuna jambo sikulitegemea. Kwa kuwa ili nimsome ilibidi anipe mgongo, uso wake ukawa hauonekani tena. Nilijua kila siku mke wangu anasemaje. Nikawa nasahau anafananaje.

Gerejini tulikuwa wakaaji wengi, vitanda vimepangwa kando ya magari. Wizara ilitukataza kuamkiana hata sisi kwa sisi, ikihofia shingo zitalegea. Tulilala tumetazama dari, watu wazima wenye shingo nene, kila mtu na ukimya wake. Mimi nilikuwa naamkia tairi la Adhama lililokuwa karibu na kichwa changu. Liliitikia vizuri tu, kimoyomoyo, likaniuliza habari za nyumbani, nikalidanganya kwamba ni njema.

Mtaani kwanza waliacha kunipungia. Hilo nilimeza. Baadaye walianza kunisengenya, nikiona midomo inavyokwenda, na haki ya Mungu nilishukuru, maana anayesengenywa bado yumo. Kisha wakaacha hata kunisengenya. Gari likipita walisogeza makarai yao wasirushiwe maji ya madimbwi, basi.

Wakati huo chati ilikuwa inapanda vizuri sana. Kampuni ya Adhama ilitangaza faida ambayo haijapata kuonekana, ikatupongeza kwa ustahimilivu. Waziri alisema redioni kwamba tumekuwa mfano wa dunia: nchi isiyo na sabuni, lakini yenye msururu wa Adhama.

Ndipo akafa Mzee Sumbuko kinyozi. Sikuambiwa. Nani angeniambia? Tulikuwa tunazunguka kipilefti, jeneza likatokea upande wa Mtaa wa Makaa. Nililitambua kwa taulo lake, wamelitandika juu. Kwetu jeneza halipiti mtu akabaki amekaa. Hata mpita njia, hata mgeni asiyemjua marehemu, huweka anachokibeba chini, akaingiza bega, akasogea nalo kidogo, akapokewa. Mtu huyo alikuwa ameninyoa tangu nilipooa. Ile mikunjo ya shingo aliijua kuliko daktari wa Wizara, alikuwa akiipitisha wembe huku akiniuliza habari.

Lugendo alisimamisha gari, akavua kofia. Yeye kwa masharti ya madereva aliruhusiwa kuvua. Jeneza likapita ubavuni mwa kioo changu, kilichokuwa nusu, karibu kiasi kwamba nilisikia wanavyohema. Nilihesabika kuwa nimefanya kazi nzuri. Hakuna aliyenitupia jicho, wala aliyenilaumu. Waliligeuza jeneza upande kidogo, kama unavyoligeuza mbele ya nguzo ya taa.

Nililia ndani ya shingo, machozi yasitoke.

Siku chache baadaye, Siwema alisimama pale bila kanga. Gauni tupu, lile la kufanyia usafi. Pembeni yake alikuwa Mama Mashavu, na Mama Mashavu alipoinama kuokota nyanya, nikasoma mgongoni mwake: *Nilikudhani dhahabu, kumbe adhabu.* Kanga ile naijua. Ilikuwa ya mke wangu, ina alama ya pasi kwenye pembe, nilimchomea mwenyewe siku aliyokuwa na homa.

Nikasema, haya basi. Sasa amechoka hata kunisemesha mwenyewe. Amempa jirani anisemee.

Kesho yake ile ya *Akufaaye kwa dhiki* ilikuwa imevaliwa na mwanamke nisiyemjua, anauza mkaa. Halafu *Sisi sote abiria* nikaiona kwa mpika chai wa stendi. Nikaona wanawake wa mji mzima wananipa mgongo na kuniambia maneno ya mke wangu. Sijapata kuwa mpweke namna ile, katikati ya watu wote wale wanaozungumza na mimi.

Chini ya daraja la reli kulikuwa na giza, na hapo masharti yaliruhusu vioo kupandishwa ili dereva apanguse ndani. Lugendo akanigeukia.

"Mheshimiwa, mbona shingo inatetemeka? Mkaguzi ataona."

Nikamweleza. Maneno yalitoka kwa shida, midomo ilikuwa imesahau kazi. Lugendo alisikiliza huku akikunja na kukunjua kitambaa chake.

"Mzee Kiondo," akasema, na jina langu lilinishtua, "hakuna anayekusema. Mkeo anauza kanga zake. Anauza moja moja, anunue unga. Mke wangu mimi amenunua ile ya *Sisi sote abiria*, akamgawia dada yake, yule mpika chai. Nilidhani unajua."

Kumbe nilikuwa nasoma njaa nikidhani nasoma barua.

"Nipelekee salamu kwake," nikasema. "Unapita Makaa ukienda kwako."

"Siwezi. Dereva akikamatwa amebeba salamu za mkaaji, leseni imekwenda. Nina watoto."

Nikafikiri. Ukikaa sana na Wizara, unajifunza kufikiri kama Wizara. "Basi usibebe salamu. Beba anwani. Mwambie: gereji ya Wizara, kitanda cha pili kutoka mlangoni."

"Hiyo si salamu?"

"Hata habari za asubuhi haimo."

Lugendo akaivaa kofia yake. "Anwani nitabeba," akasema.

Nilichotaka ni kidogo tu: ajue nilipolala, hata kama hawezi kufika, mawazo yake yakinitafuta yapate pa kugonga.

Haikupita muda mrefu, tukaitwa uwanjani tena. Waziri alikuja amevaa shingo mpya. Naye alikuwa amenenepa.

"Ndugu wananchi, kampuni ya Adhama imetangaza faida kubwa kuliko zote tangu gurudumu livumbuliwe. Kwa hiyo natangaza rasmi: uchumi umefufuka."

Mzee mmoja wa mbele, bila adabu, akauliza umefufukia wapi, maana kwake haujafika.

"Umefufukia kule kule ulikohamia," akasema Waziri, na makofi yakapigwa na wanaohusika.

Akaendelea kueleza kwamba ufufuko unahitaji Adhama nyingi kuliko mdororo, kwa kuwa mdororo ni wa kuficha na ufufuko ni wa kuonyesha. Ila sisi wakaaji wa zamani tumeshabeba sura ya mdororo. Wataalamu wamegundua kwamba ustawi una sura ya mwanamke. Tukashukuriwa kwa utumishi uliotukuka.

Gerejini wakapima mabonde yetu kwenye viti. Langu lilikuwa la kina. Mshahara wangu wote ukalingana na fidia ya mbonyeo, sawasawa, hakikubaki wala hakikupungua kitu, na karani akasema ni nadra kuona hesabu safi namna ile. Wakanipa kishikio cha funguo chenye nembo ya Adhama, hakina funguo. "Na kuanzia sasa," akasema karani, "mnaruhusiwa kusalimia."

Jamani, nilivyotoka pale. Nilisalimia mlinzi, nikasalimia muuza karanga, nikasalimia punda. Nilikwenda kwa miguu mpaka Makaa nikimwaga salamu zote zilizokuwa zimenijaa. Watu waliitikia. Siwezi kusema hawakuitikia. "Salama, Mheshimiwa," wakasema, wakasogeza makarai yao.

Mama Mashavu nilimkuta mlangoni kwake.

"Mama Mashavu, hujambo? Habari za hapa? Na yule kuku?"

"Sijambo, Mheshimiwa."

"Mimi Baba Subira, Mama Mashavu."

Akanitazama muda. Kisha akashika mdomo. "Kwani hamkuonana huko?"

"Na nani?"

"Na mwenzio. Si amekwenda Wizara leo asubuhi? Alisikia wanachukua wanawake. Tukamwambia shingo huna, mwenzetu, watakurudisha; akasema watampachika pamba. Akasema ameletewa anwani." Mama Mashavu sasa alikuwa anaongea chini. "Alisema, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Kwamba hata kama hamtazungumza, atakusikia unavyokoroma."

Nilikwenda ndani. Nyumba ilikuwa imefagiwa. Sanduku la kanga lilikuwa wazi na tupu, linanukia karafuu. Kitandani, upande wangu, kulikuwa na kanga moja imekunjwa, nikaikunjua: *Kawia ufike.* Moja tu, si doti. Ile ya pili haikuwepo.

Nikarudi Wizara siku hiyo hiyo. Mlinzi niliyekuwa nimemwamkia asubuhi akanizuia getini kwa heshima zote.

"Mkaaji haonani na wageni mpaka ustawi ukamilike."

"Utakamilika lini, ndugu yangu?"

"Chati ikifika juu."

"Juu wapi?"

Akafikiri kwa moyo safi. "Chati haina dari, mzee," akasema.

Tangu hapo nakaa kipilefti. Nimechukua karai la Siwema, napika vitumbua. Vinaungua upande mmoja, lakini watu wananunua kwa huruma, na wengine wameanza kuniita Kiondo. Nilipojitanda kanga mabegani mara ya kwanza vijana wa mikokoteni walicheka wakakaa chini. Mwanamume mzima, shingo ile, kanga ile. Sikuwakataza. Ilikuwa raha mtu kunicheka.

Gari lake nililijua kwa kofia ya Lugendo. Lilitokea upande wa daraja, na nyuma, kioo nusu, kidevu juu, nikamwona. Shingo ilikuwa nene kwa pamba. Uso ulikuwa wake. Nilikuwa nimeusahau shavuni, pale penye kishimo, nikaukumbuka wote kwa mara moja, na nilitamani nisimame niutazame tu mpaka upotee.

Lakini nikimtazama, hataisoma.

Nikageuka nikampa mgongo. Nikaivuta kanga ikae sawa, herufi zinyooke. Nilisikia gari linakaribia, nikasikia Lugendo anapunguza mwendo kuliko inavyoruhusiwa, tairi zinasaga changarawe nyuma yangu. Mbele yangu Mama Mashavu alikuwa amesimama ameshika nyanya, ameacha kuuza. Sikujua mke wangu ametazama au hakutazama, amecheka au amelia ndani ya ile pamba. Sikuruhusiwa kujua. Nilisimama wima nikisomwa, kama nilisomwa.

Gari lilipopita ndipo nikageuka. Lilikuwa linaingia barabara ya bandarini, refu, jeusi, linametameta. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa vibaya. Umebana kitu, na kile kitu kilikuwa kinapepea nje kwa chini: upindo wa kanga, rangi ile ile ya hii ya mabegani mwangu.

Sheria ya Mwonekano inasema kila raia akiona kasoro yoyote kwenye Adhama, hata vumbi, aripoti kituo cha karibu, kwa maana kasoro hushusha faida, na faida ndiyo nchi. Kituo kiko pale ng'ambo ya barabara. Askari alikuwepo, hana kazi, ananitazama.

"Mzee, vipi?" akaniuliza.

"Salama tu, mwanangu," nikasema. "Habari za nyumbani?"